Jinsi ya kuokota dizaini nzuri kwenye vitu vya kila siku: kukigundua, kukipima, kukipiga picha na kukitunza

Wadau, nianze na aibu yangu kwanza. Simu yangu iliyopita ilikuwa na folda nimeipa jina "dizaini", ndani kuna picha kama elfu tatu hivi, vifuniko, paketi, mabirika, viti, stika, mabango, kila nilichokiona kizuri napiga chap naendelea na safari. Siku nimekaa nataka kuitumia folda yangu nikajikuta siwezi kujibu hata swali moja. Hiki nilikipigia nini? Ni cha plastiki au bati? Kina ukubwa gani? Birika moja nililipiga picha nne nzima kwa ajili ya shingo yake, nyembamba imepinda kama ya korongo, na birika lenyewe nilikuwa nalo ndani kwangu, najua kabisa ukimimina tone linateleza na shingo mpaka mezani. Kila siku nafuta meza. Ila kwenye picha lilikuwa malkia.

Toka hapo nikageuza utaratibu: mkono unaanza, kamera inafuata. Huu mwongozo wote umejengwa hapo, na vifaa ni vya kawaida tu: simu yenye kamera, dirisha, karatasi kubwa nyeupe na nyingine nyeusi, rula, kitambaa laini na daftari. Taa za studio achana nazo kabisa.

Hatua ya 1: Tafuta kitu kinachojibu swali

Watu wakisikia dizaini wanawaza kiti cha ajabu kwenye sebule nyeupe isiyo na watu. We anza na droo ya jikoni, na kapu la taka, sitanii.

Chukua kalamu ya Bic, ile ya kawaida ya kuona wino, iliingia sokoni Ufaransa 1950. Mwili una pande sita kama penseli kwahiyo haibingiriki ikaanguka mezani. Ni angavu, unaona wino umebaki kiasi gani bila kufungua chochote. Ubavuni kuna katobo kadogo sana, kanaingiza hewa ili mgandamizo wa ndani na wa nje ulingane. Kifuniko nacho kina tobo kwenye ncha, hilo ni la usalama, mtoto akikimeza kikakwama kooni hewa iendelee kupita. Majibu manne kwenye kitu ambacho watu wanakitafuna huku wanawaza mambo mengine.

Kwahiyo kabla hujatoa simu mfukoni, jaza sentensi hii kichwani: "Kitu hiki kinazuia au kinarahisisha jambo fulani, kwa kutumia kitu fulani." Kalamu inazuia kubingirika kwa kutumia pande sita. Ukishindwa kuijaza basi umeona urembo, na urembo hauna ubaya, mi mwenyewe nina folda yake, ila usichanganye na hii maana baada ya mwezi hutajua kipi ni kipi.

Na kama kuna mtu anakucheka unaokota vifuniko, mwambie uko kwenye ukoo mkubwa. Japani miaka ya 1920 Yanagi Soetsu na wenzake walitunga neno mingei, yaani sanaa ya watu wa kawaida, wakawa wanakusanya mabakuli na mitungi ya mafundi ambao hata majina yao hayajulikani, na 1936 wakafungua makumbusho yake Tokyo. Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya MoMA kule New York 1938 yalifanya maonyesho ya vyombo vya nyumbani ambavyo hakuna kilichozidi dola 5, halafu 2004 yakaonyesha vitu kama vibanio vya karatasi na kalamu za bei poa kama kazi za sanaa.

Hatua ya 2: Kipindue

Hapa ndo nakaa muda mrefu kuliko hatua zote. Uso wa kitu umeandaliwa uuangalie, kitako hakuna aliyekipamba, kwahiyo kitako ndo kinasema ukweli.

Tuanze na plastiki. Tafuta pembetatu ya mishale yenye namba 1 mpaka 7, mfumo ulioanza Marekani 1988 kutambulisha aina ya plastiki. 1 ni PET, chupa angavu za maji. 2 ni HDPE, zile chupa nzito kidogo zisizoonyesha ndani. 5 ni polipropilini. Sasa chukua chupa ya shampuu yenye kifuniko cha kubetua, mara nyingi utakuta mwili ni 2 ila kifuniko ni 5, na sababu iko kwenye bawaba. Kifungue ukisogeze dirishani uangalie pale kinapokunjika: hamna pini, hamna skrubu, ni utando mwembamba tu wa plastiki ileile, na kwenye mkunjo mara nyingi utaona mstari umepauka. Polipropilini inakunjwa maelfu ya mara bila kukatika, kwahiyo kifuniko, bawaba na kishikio vinatoka kwenye moldi, yaani kalibu la kumiminia plastiki, vikiwa kipande kimoja. Yule aliyechagua namba 5 amefuta kazi nzima ya kuunganisha.

Endelea kuchungulia. Kwenye vitu vingi vya plastiki, ndoo, masanduku, vifuniko vikubwa, kuna kaduara kama saa, kamezungukwa na namba 1 mpaka 12, katikati mshale na tarakimu mbili. Hiyo ni tarehe ya moldi. Mshale ukielekea 7 na katikati pameandikwa 19, hicho kilimiminwa Julai 2019. Ukishaijua hii hutaacha kuitafuta, nimeharibu wageni wangu wote, wanapindua ndoo za watu.

Halafu kuna kovu dogo la mviringo, mara nyingi katikati ya kitako, mi naita kitovu. Ndipo plastiki iliyoyeyuka ilipoingilia. Kipindue kile kiti cha plastiki cha kipande kimoja, kinachopangika kimoja juu ya kingine, utakikuta kitovu chini ya kikalio, yaani kiti kizima kimemiminwa kutokea pale. Babu yao anatajwa kuwa kiti cha Henry Massonnet wa Ufaransa, 1972, aliyefanikiwa kukitoa kimoja kwa chini ya dakika mbili. Angalia miguu yake sasa: siyo mizito, imekunjwa pembe kama herufi L. Chukua karatasi uisimamishe, inalala. Ikunje pembe, inasimama. Ni hilohilo tu.

Vyombo vya udongo: pitisha kidole kwenye duara la chini la kikombe, utakuta pakavu panakwaruza wakati kwingine kote ni laini. Glezi, yaani ule mpako unaong'aa, ikiingia tanuri inakuwa kioo kilichoyeyuka, ingepakwa mpaka chini kikombe kingegandana na rafu. Vingine vimepakwa kote, ila vina alama tatu ndogo kitakoni, walivisimamishia vijiguu. Kwahiyo vidoti vitatu kwenye sahani siyo ubovu.

Maboksi ya karatasi ngumu: fungua vile vipande vilivyokunjiwa ndani, vile vya kugundishia. Utakuta vimiraba au viduara vya rangi vimejipanga. Hizo ni wino zilizotumika. Zikiwa nne, saiani (bluu ya kijani), majenta (pinki kali), njano na nyeusi, picha yote imechanganywa kutokana nazo. Ukiona na cha tano, tuseme chungwa kali, maana yake walilipia wino maalumu kwa rangi hiyo moja. Hakikisha kwa macho: sogeza simu karibu kabisa na boksi, kuza picha, rangi ya kuchanganywa itapasuka kuwa vidoti vidogo vidogo, ile maalumu itabaki imelala kama imepakwa kwa brashi. Mara nyingi wino wa ziada uko kwenye rangi ya kampuni, kwasababu hiyo ndo hawataki itofautiane boksi hadi boksi.

Hatua ya 3: Kitumie kama mtu mchovu

Wiki moja inatosha. Usikitumie kwa adabu kama uko dukani, kitumie na mikono yenye sabuni, kwa mkono mmoja, gizani, kikiwa kimejaa pomoni na kikiwa karibu kuisha, maana chupa nyingi nzuri zinakuwa takataka zikibaki na vijiko viwili ndani. Kioshe. Je, kidole kinafika kwenye kona? Kikiwa na pembe kali ndani, uchafu umepata nyumba.

Jaribu na macho yamefumbwa. Chupa ya Coca-Cola ya 1915, iliyochorwa kwenye kiwanda cha Root Glass, Terre Haute, Indiana, masharti yake yalikuwa itambulike kwa kuguswa gizani, na hata ikiwa imevunjika vipande chini. Ukiishika unaelewa kwanini ina kiuno na mistari.

Vya kumiminia vipime kwa maji. Jaza, mimina taratibu, simamisha ghafla. Maji yanapenda kung'ang'ania ukuta, kwahiyo mdomo mnene wa mviringo unayaongoza nje mpaka shingoni, ila mdomo wenye ukingo mkali unayakata yanarudi ndani. Birika langu la korongo mdomo wake ni mnene kama wa samaki, kesi imekwisha. Linganisha na kile kichupa cha mezani cha sosi ya soya ya Kikkoman chenye kifuniko chekundu, kilichobuniwa na Kenji Ekuan wa Japani, 1961, mdomo wake umekatwa kuelekea ndani. Kazi ile ilichukua kama miaka mitatu na sampuli zipatazo 100. Kwa ajili ya tone.

Hatua ya 4: Sasa toa simu

Futa lenzi. Najua unajua. Futa, imekaa mfukoni kutwa.

Zima taa ya chumba mchana. Mwanga wa dirisha una ubluu, balbu nyingi za nyumbani zina unjano, simu ikikuta vyote viwili inachanganyikiwa, upande mmoja wa kikombe unakuwa bluu mwingine chungwa na huwezi kurekebisha vyote baadaye. Chagua dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, au lifunike kwa karatasi nyembamba ya kuokea au shuka jeupe.

Tandika karatasi nyeupe mezani, upande wa nyuma uipandishe ukutani bila kuikunja ili usipate mstari wa kona. Kitu kikae kama mita moja kutoka dirishani, mwanga ukitokea ubavuni. Siyo mbele! Mwanga wa mbele unalaza kila kitu, wa ubavuni unaamsha mikunjo na mistari. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe nyingine irudishe mwanga kidogo kwenye kivuli, ukiona kivuli kimepotea kabisa isogeze mbali.

Halafu rudi nyuma. Kosa la watu wengi ni kusogelea, lenzi kuu ya simu inaona upana mkubwa, ukiisogeza karibu mdomo wa kikombe unavimba na kitako kinasinyaa kama kikombe kimekukasirikia. Rudi hatua mbili, kuza mara 2. Shusha simu iwe usawa wa katikati ya kitu, usikipige toka juu ukiwa umesimama kama unamfokea mtoto. Mistari iliyosimama itabaki imesimama.

Gusa kitu kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha rekebisha mwangaza mwenyewe. Kamera inadhani dunia nzima ni kijivu cha wastani, kwahiyo kikombe cheupe kwenye karatasi nyeupe inakifanya cha kijivu, pandisha kidogo. Sufuria nyeusi inaipausha, shusha.

Vyenye mng'aro vina tabia zao. Chuma hakipigwi picha, kinachopigwa picha ni chumba kinachoonekana ndani yake, nimewahi kujikuta na fulana nyekundu katikati ya kijiko mara ishirini. Kizungushie karatasi nyeupe kama kibanda, toboa tundu la lenzi, pigia hapo. Kioo ni kinyume: weka mwanga nyuma yake, halafu simamisha karatasi nyeusi kulia na kushoto, nje kidogo ya fremu. Kingo za glasi zitachorwa mistari myeusi, utaona unene wa kioo ambao mwanzo haukuwepo.

Na kitu cha kukiweka juu yake siyo lazima kiwe karatasi. Edward Weston, Marekani, 1930, alihangaika na pilipili hoho moja siku kadhaa mpaka alipoiweka ndani ya faneli ya bati, bati likarudisha mwanga laini kote kote, ikatoka picha ambayo mpaka leo watu wanaiona kama mwili wa mtu. Faneli! Jaribu bakuli la chuma, jaribu sinia.

Kwa kila kitu mi napiga tano: kizima, kitako, kikiwa mkononi, undani wa lile jibu uliloligundua hatua ya kwanza, na kosa lake. Ya mkononi usiiruke, inaonyesha ukubwa na mahali vidole vinapokaa, na kama kitu ni cha zamani utakuta rangi imechubuka palepale. Ya kosa ndo muhimu. Birika nililipiga upya, safari hii likimimina, na tone limening'inia.

Michoro na mabango: simu iwe sambamba na karatasi kabisa, mwanga sawa pande mbili. Kama kina kioo mbele, simama pembeni kidogo mpaka mng'ao wa dirisha utoke.

Hatua ya 5: Andika papo hapo

Siyo usiku, siyo wikendi. Mistari michache inatosha, ya kwangu mmoja uko hivi:

"Kifuniko cha shampuu. PP (5), mwili HDPE (2). Kipenyo 38 mm. Kinafunguka kwa kidole gumba kwa sababu ya kibonde mbele. Kosa: sabuni inakauka kwenye bawaba, siku ya tano hakifungi vizuri. Saa ya moldi: 3/22."

Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha kitu, mfano 2024-06-11-kifuniko-shampuu-kitako, kompyuta itazipanga yenyewe kwa tarehe. Usitegemee kumbukumbu eti "ile picha ya bluu". Nakala moja iwe nje ya simu, ya pili iwe mahali pengine kabisa.

Hatua ya 6: Utunze nini, utupe nini

Vingi tupa ukishapiga picha. Mi nina boksi moja, likijaa kinaingia kimoja kinatoka kimoja, bila hivyo utageuka dampo na walio ndani watakuhama.

Karatasi na maboksi: yafungue kwenye gundi uyalaze bapa, mbali na jua maana wino unafifia. Usiguse selotepu, baada ya miaka inageuka njano na gundi yake inazama kwenye karatasi haitoki tena. Mipira ya kufungia nayo inakauka, inagandana na inaacha doa. Ukinunua mifuko ya plastiki ya kuhifadhia chagua polipropilini au polithini, epuka plastiki ya PVC, hiyo inatoa kemikali na inaweza kunata kwenye wino. Sehemu iwe kavu, unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda ukungu unakaribishwa.

Lebo kwenye chupa ya kioo, loweka maji ya vuguvugu kwanza, ikiachia yenyewe iteleze juu ya kioo kingine ikauke. Isipoachia ni stika, ipulizie hewa ya moto ya draya ya nywele na uivute taratibu kwa pembe ndogo. Gundi iliyobaki kwenye chupa, mafuta ya kupikia na kitambaa.

Hatua ya 7: Panga vya aina moja pamoja

Bernd na Hilla Becher, mke na mume wa Ujerumani, kuanzia 1959 walipiga picha matanki ya maji na mitambo ya viwanda, kila moja usoni kabisa, siku za mawingu ili pasiwe na vivuli vikali, halafu wakazipanga safu kwa safu. Tanki moja peke yake ni tanki. Tisa pamoja, jicho linaanza kuona tofauti lenyewe. Kwahiyo bandika alama mezani pa kuweka kitu, alama sakafuni pa kusimama, saa ileile, urefu uleule, la sivyo utakuwa unalinganisha mwanga badala ya vitu.

Kama utaziweka hadharani, kumbuka picha ni yako ila mchoro au picha iliyochapwa kwenye paketi ina mwenyewe, mtaje mchoraji kama jina lipo, usiukate mchoro ukauuza.

Saa hizi niko kwenye vibanio vya nguo vya mbao, vile vya springi, wazo lenye hataza ya Marekani ya 1853. Nimefikisha saba. Kwa mbali ni kitu kilekile, ila nilivyovipanga safu nikaona kimoja mdomo wake una vibonde viwili, kidogo mbele cha kubania waya na kikubwa nyuma cha kamba nene, na kingine kina mikato midogo mahali pa kidole, kisiteleze mkono ukiwa umelowa. Cha saba hakina kitu, na ndicho kinachodondosha soksi zangu.